Mfanyakazi wa hoteli akimwaga unga, afya yake itunzwe vipi?

Ukiingia hotelini kula, macho yako huenda kwenye sahani. Ni nadra kumtazama anayeileta, na ni nadra zaidi kumfikiria yule aliye jikoni akisugua sufuria. Lakini maradhi ya kuambukiza yanapoenea nchi nzima, watu hawa wawili huwa miongoni mwa wa kwanza kupigwa kalamu. Wiki hii tunaangalia jinsi hasara ya kazi inavyoingia mwilini mwa mtu, na jinsi wewe, uwe mwajiri, mteja, jirani au mfanyakazi mwenyewe, unavyoweza kuizuia isigeuke kuwa ugonjwa. Mfano wetu tutautoa Turkana, katika miji ya Lodwar na Kakuma.

Kwanza tukumbushane tarehe, maana watu wameanza kusahau. Kisa cha kwanza cha Covid-19 nchini Kenya kilithibitishwa tarehe 13 Machi 2020. Kabla ya wiki mbili kwisha, hoteli ziliamriwa zisiketishe wateja. Chakula kifungwe, mtu aende nacho. Tarehe 27 Machi kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ikaanza. Mwishoni mwa Aprili serikali ilikubali hoteli zifunguliwe kwa masharti: wafanyakazi wapimwe kwanza, wateja waketi mbalimbali, na wasizidi wanne katika kila mita kumi za mraba. Mwishoni mwa Julai zikaamriwa tena kufunga saa moja jioni. Fungua-funga hiyo iliendelea hadi kafyu ilipoondolewa tarehe 20 Oktoba 2021.

Sasa tazama Lodwar. Huu ni mji wa ofisi. Hoteli zake kubwa hutegemea semina, warsha za mashirika, maafisa wanaotoka Nairobi na wasafiri wa barabara ya Kitale kwenda Lokichoggio. Mikutano ilipopigwa marufuku, semina zote zilikufa siku moja. Safari za ndani za ndege za abiria zilirejea Julai 15 tu. Mwezi Mei, kampuni ya mafuta ya Tullow, iliyokuwa na kazi zake upande wa Lokichar, ilitangaza kwamba sababu zilizo nje ya uwezo wake zimeizuia kuendelea. Hoteli isiyo na mgeni haihitaji weita wanane.

Kakuma, kiasi cha kilomita 120 kutoka Lodwar, ilikuwa na shida ya namna nyingine. Kambi yake ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992, na kwa miaka hiyo yote imekua ikawa soko kubwa. Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lilipoichunguza na kutoa ripoti mwaka 2018, lilikuta biashara zaidi ya 2,000. Miongoni mwazo ni hoteli za Waethiopia na Wasomali, ambako mtu hula injera, wali wa nyama ya mbuzi na chai ya maziwa. Mwishoni mwa Aprili 2020 serikali ilipiga marufuku kuingia na kutoka katika kambi za Kakuma na Dadaab. Wafanyakazi wa mashirika, ambao ni wateja wenye mshahara wa kila mwezi, walipungua. Mwenye hoteli hakufungiwa mlango, lakini aliyezoea kuingia mlangoni hakuwapo.

Chakula kinachosahaulika

Kuna jambo moja ambalo takwimu za mishahara haziwezi kukuonyesha. Mfanyakazi wa hoteli halipwi fedha peke yake. Hula kazini. Asubuhi chai na chapati, mchana ugali na mboga au mchuzi uliobaki. Jioni, mwajiri mwenye utu humruhusu aondoke na mfuko wa mabaki kwa watoto. Tuseme anafanya kazi siku 26 kwa mwezi: akiachishwa, pamoja na mshahara na bakshishi amepoteza milo 52 ya kwake mwenyewe, bila kuhesabu mfuko wa watoto.

Ndiyo maana njaa humfika mapema kuliko mfanyakazi wa ofisi aliyepoteza mshahara uleule. Na ndiyo maana msaada wa kwanza kabisa ambao mwenye hoteli anaweza kutoa ni huu: hata kama huna fedha za kumlipa, usimfungie jiko. Hoteli inayopika chakula cha kubeba bado inawasha moto. Sufuria ya githeri kwa wafanyakazi walioachishwa, mara moja kwa siku, gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kutafuta na kufundisha mpishi mpya biashara itakaporudi.

Tena mfanyakazi huyu hayuko peke yake. Katika mji kama Lodwar au Kakuma, hoteli moja hushikilia watu wengi ambao majina yao hayamo katika daftari lolote. Yuko mama Mturkana anayeleta makaa au mzigo wa kuni kichwani, msichana anayechota maji, mwanamke wa samaki wakavu kutoka Kalokol, na mzee anayeuza mbuzi mmoja kila wiki. Halafu iko manyatta ambayo weita huitumia shilingi mia tano mwisho wa mwezi. Mwaka 2020 manyatta hiyo ilikuwa imevamiwa na nzige tangu mwanzo wa mwaka, na misimu iliyofuata mvua ilikosa kunyesha mfululizo hadi mwaka 2022. Kwa hiyo ushauri wa "rudi nyumbani ukapumzike", ambao wengi hupewa wakiachishwa kazi mjini, haukuwa na maana sana kwa mtu wa Turkana. Nyumbani ndiko walikokuwa wakimngojea yeye awaletee.

Mpango wa serikali wa kutuma fedha kwa jamaa maskini wa kaskazini, unaojulikana kwa kifupi kama HSNP, ulikuwapo Turkana tangu mwaka 2008, na kiwango chake katika miaka hiyo kilikuwa Sh2,700 kwa mwezi. Lakini orodha yake ilitungwa kwa kutafuta kaya zilizokuwa maskini tayari. Mwosha vyombo aliyekuwa na kazi Februari na hana kazi Aprili hawezi kuonekana katika orodha iliyoandikwa miaka iliyopita. Vivyo hivyo punguzo la kodi lililotangazwa Machi 25, la kuwasamehe wanaopata hadi Sh24,000 kwa mwezi, lilikuwa jema kwa mwenye hati ya mshahara. Kwa anayelipwa jioni kwa jioni halikumfikia.

Akili isiyo na kazi

Mwaka 1933 watafiti watatu, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, walitoa kitabu kuhusu kijiji cha Marienthal, karibu na Vienna nchini Austria. Kiwanda cha nguo kilichokuwa kikiwalisha watu wa kijiji kile kilikuwa kimefungwa. Ungedhani watu waliopata muda mwingi wangesoma zaidi na kuzungumza zaidi. Watafiti walikuta kinyume: vitabu vilivyoazimwa maktabani vilipungua. Walipohesabu mwendo wa watu barabarani, wanaume wasio na kazi walitembea polepole na kusimamasimama. Wanawake walitembea kwa kasi zaidi kwa kuwa kazi za nyumbani hazikuwa zimekwisha.

Somo hilo linafaa hadi leo. Kazi humpa mtu fedha, lakini humpa pia saa ya kuamka, watu wa kusalimiana nao na jina la kuitwa. "Mpishi" ni jina. Ukimnyang'anya kwa ghafla, na wakati huohuo ukamwambia asikaribiane na wenzake kwa sababu ya maambukizi, umemwacha na kuta nne na deni la nyumba.

Je, utajuaje kwamba wasiwasi wa kawaida umepita kiasi? Kila aliyepoteza kazi hukosa usingizi siku chache. Hilo si ugonjwa. Lakini ikiwa kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, mtu hana furaha na lolote, hapati usingizi au analala mchana kutwa, hamu ya chakula imemtoka hata kikiwapo, anajiona si kitu, na mambo madogo yanamshinda, hiyo huenda ikawa sonona na inatibika. Ampeleke mtu wake zahanati, aeleze bila haya. Akianza kusema kwamba wengine wangekuwa afadhali bila yeye, usimwache peke yake na usimkemee. Muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, bali humpa nafasi ya kusema. Shirika la Msalaba Mwekundu nchini Kenya lina nambari ya simu isiyolipiwa ya ushauri nasaha, 1199.

Wanaume wengi hawaendi zahanati kwa ajili ya mawazo. Huenda kwenye pombe. Hapa niseme langu: kumhubiria mtu wa namna hii kuhusu chang'aa hakusaidii sana iwapo hujampa cha kufanya saa nne asubuhi. Mwombe akusaidie kuezeka, mpeleke kwa anayechimba kisima, mpe mtoto amfundishe kukanda unga. Nyumbani kukizuka vipigo, nambari 1195 hupokea simu za waliodhulumiwa kijinsia bila malipo, na 116 ni ya watoto. Ziandike mahali ambapo mama mwenye nyumba anaweza kuziona.

Dawa, chakula na mtoto

Mtu aliyemwaga unga hupunguza matumizi, na cha kwanza kupunguza huwa ni kile kisichouma leo. Dawa za shinikizo la damu ziko katika kundi hilo. Mtu hujisikia vizuri, akaacha, na baada ya miezi kadhaa jamaa zake wanamkimbiza hospitali amepooza upande mmoja. Ikiwa unatumia dawa hizo na fedha zimekwisha, usiache kimya. Rudi kliniki ya serikali umwambie mhudumu ukweli, kwa kuwa mara nyingi ipo dawa ya bei nafuu zaidi inayofanya kazi hiyohiyo. Dawa za kifua kikuu na za virusi vya Ukimwi hutolewa bure katika vituo vya umma, na kuzikatiza hukaribisha usugu. Kinachowazuia wengi ni nauli, kwa hiyo jirani anayelipa pikipiki mara moja kwa mwezi ametoa msaada mkubwa kuliko anavyofikiri.

Mwenye kisukari ana hatari nyingine. Zipo dawa zinazoteremsha sukari hata kama mtu hajala, na sindano ya insulini ni mojawapo. Aliyezoea kula hotelini mara mbili, sasa anakula mara moja jioni lakini anatumia dozi ileile asubuhi, anaweza kutetemeka, kutokwa jasho jembamba, kuchanganyikiwa na kuanguka. Akianza hivyo na bado anaweza kumeza, mpe maji ya sukari au soda yenye sukari mara moja. Kisha aende kliniki dozi yake ipangwe upya kulingana na milo aliyo nayo. Daktari hawezi kujua kwamba umeacha kazi usipomwambia.

Kwa watoto, kipimo ni rahisi. Wahudumu wa afya wa kijiji, na hata vituo vya Kakuma na Kalobeyei, wana utepe wa rangi wa kuzungusha mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Mzunguko ukiwa chini ya sentimita 12.5, mtoto amepungukiwa na lishe. Ukiwa chini ya 11.5, hali ni mbaya, apelekwe siku hiyohiyo. Usingoje nywele zigeuke rangi au miguu ivimbe. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha, hata kama yeye mwenyewe anakula kidogo. Chakula chochote kinachopatikana aongezewe yeye, maana maziwa ya kopo yaliyotiwa maji mengi ili yafike mwisho wa wiki yamewapeleka watoto wengi wodini kwa kuharisha.

Fedha taslimu husaidia?

Watu wengine husema kumpa asiye na kazi fedha ni kumnunulia pombe. Hoja hii imechunguzwa. Mwaka 2014 David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti kutoka Afrika, Asia na Marekani ya Kusini kuhusu familia maskini zilizopewa fedha taslimu, na hawakuona kwamba matumizi ya pombe na tumbaku yaliongezeka. Wakati wa Covid-19 yenyewe, katika kaunti za Siaya na Bomet, kulikuwa na vijiji ambavyo tangu miaka ya nyuma vilikuwa vikipokea fedha kila mara kutoka shirika la GiveDirectly. Watafiti waliwapigia simu wakazi mwaka 2020 na kuwalinganisha na wa vijiji visivyopokea. Waliopokea waliripoti njaa kidogo zaidi, ugonjwa kidogo zaidi na huzuni kidogo zaidi. Tofauti haikuwa ya kushangaza, lakini ilikuwapo.

Kwa hiyo, mteja, kama una hotelini kwako pa kila siku na hali kama ile ikarudi, njia iko wazi. Lipa milo ya wiki mbili mapema, kwa bei ileile, uile baadaye. Bakshishi uliyokuwa ukimwachia weita, mtumie kwa simu. Mwaka 2020 kutuma hadi Sh1,000 kwa M-Pesa kulikuwa bila ada kuanzia Machi hadi mwisho wa mwaka, na wengi hawakuitumia nafasi hiyo kwa jambo hili. Agiza chakula cha kubeba hata mara moja kwa wiki. Mwajiri naye, badala ya kubakiza wanne na kufukuza wanne, anaweza kuwapa wote wanane zamu za nusu wiki, wakikubaliana. Mshahara unagawanyika, lakini hakuna anayekosa milo yote, na hakuna anayeketi nyumbani mwezi mzima akitazama ukuta.

Haki isiyodaiwa

Ukurasa huu ni wa afya, lakini sheria ya kazi nayo ni dawa. Chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, mwajiri anayepunguza wafanyakazi kwa sababu kazi imekwisha anapaswa kuwaarifu wahusika na afisa wa kazi angalau mwezi mmoja kabla, alipe siku za likizo zilizobaki, na alipe kiinua mgongo kisichopungua ujira wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Tuseme mpishi amefanya kazi miaka minne kwa Sh500 kwa siku: siku 60, yaani Sh30,000. Kiasi hicho kinaweza kulipa kodi ya chumba na unga kwa miezi kadhaa.

"Lakini mimi ni kibarua," utasema. Sheria hiyohiyo inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja huhesabiwa kama aliyeajiriwa kwa mshahara wa mwezi. Tatizo ni ushahidi. Kwa hiyo anza leo, kabla ya balaa lolote: weka ujumbe wa M-Pesa wa malipo yako, piga picha ratiba ya zamu iliyobandikwa jikoni, tunza daftari la siku ulizofanya kazi. Dai lisingoje, maana muda wake ni miaka mitatu. Aliyefanya kazi zaidi ya wiki nne ana haki pia ya cheti cha utumishi, na mwajiri hawezi kukataa kukitoa kwa kuwa ameudhika.

Kwa mkimbizi wa Kakuma mambo yana kona zaidi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, inatambua haki yake ya kufanya kazi, ingawa kupata karatasi ni safari ndefu. Watu husema, "Yeye ana mgao wa chakula, atakula." Mgao huo umepunguzwa mara kwa mara, na mwaka 2025 ulikatwa kiasi cha kuzua maandamano kambini. Kumhesabia mkimbizi mgao kama sababu ya kumwachisha kazi wa kwanza si haki, na kwa hesabu za sasa si kweli pia.

Jambo la bima lisisahaulike. Bima ya zamani ya NHIF ilikoma, na tangu Oktoba 2024 mahali pake pamechukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mwajiri akikuachisha, makato yake hukoma, na ni juu yako kwenda kujipangia mchango wako upya kulingana na kipato ulicho nacho. Nenda mapema, ukiwa mzima. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma zimekusudiwa kutolewa kwa kila aliyejiandikisha, hata asiyelipa mchango, kwa hiyo angalau jiandikishe.

Na kipo cheti kimoja ambacho watu hukisahau wakikaa nyumbani. Kila anayeshika chakula cha kuuzwa hutakiwa kupimwa afya yake kila miezi sita, choo na kifua vikiwemo, ili asiwe amebeba homa ya matumbo au kifua kikuu bila kujua. Hoteli zilipofunguliwa mwaka 2020, kupimwa kulikuwa sharti la kurudi. Aliyekaa miezi bila kula vizuri, katika chumba kimoja na watu sita, ana sababu zaidi ya kupimwa, siyo pungufu. Mwenye hoteli anayewaita watu wake warudi awalipie vipimo hivyo, awape siku mbili tatu za majibu kutoka, na asimpe mwingine nafasi ya yule ambaye majibu yake yamechelewa. Akigunduliwa ana ugonjwa, atibiwe kwanza, na kazi yake imngoje.